Ushahidi juu ya Ushahidi

Mafakihi wa zamani walijiuliza, katika mlango wa ushahidi, kama yafaa mtu asimame mbele ya kadhi na kulithibitisha jambo ambalo jicho lake halikuliona wala sikio lake halikulisikia, ila amelipokea kutoka kwa mwingine aliyeona na kusikia. Mwenye haraka atajibu kuwa haifai kabisa, kwa kuwa shahidi ni yule aliyehudhuria, na asiyehudhuria ni msimulizi tu; walakini mafakihi hawakuwa watu wa haraka, nao walijua kwamba shahidi wa asili huweza kufa, au kuugua, au kuwa safarini mbali, na kwamba haki ya mja haipasi kupotea eti kwa sababu miguu ya shahidi haikuweza kumfikisha barazani. Wakaukubali ushahidi juu ya ushahidi, lakini kwa masharti mazito: shahidi wa asili awe amemruhusu mwenziwe ambebee maneno yake, atajwe kwa jina lake wala asifichwe, uadilifu wa wote wawili ujulikane, na, kwa rai ya walio wengi, ushahidi wa namna hiyo usipokewe katika adhabu za hudud, ambamo shaka iliyo ndogo hutosha kuuzuia mkono wa hakimu.

Nimelikumbuka suala hilo kwa sababu ya kazi moja ya zama zetu ambayo, kwa rai yangu, imelifufua upya bila ya wenyewe kukusudia. Kazi hiyo ni utunzaji wa kiini cha Linux, yaani ile programu ya msingi ikaayo baina ya chuma cha kompyuta na programu nyingine zote, ambayo leo imo ndani ya kila simu ya Android iliyo mfukoni mwa msafiri wa Mombasa au wa Muscat, na ambayo tangu mwishoni mwa mwaka 2017 ndiyo inayoendesha kompyuta zote 500 zilizoorodheshwa kuwa na nguvu kuliko nyingine duniani. Ni programu huria: msimbo wake uko wazi kwa kila msomaji, na kila mwenye ujuzi ana ruhusa ya kutuma kiraka, ambacho ni badiliko la kuongeza jambo jipya au la kuondoa kasoro. Kila baada ya wiki tisa au kumi hutoka toleo jipya, na kila toleo huwa limepokea viraka zaidi ya 10,000. Mlango wa kuingizia mambo mapya hufunguliwa kwa wiki mbili tu, kisha hufungwa ili siku zilizosalia zitumike katika kusahihisha. Mwenye neno la mwisho ni Linus Torvalds, mzaliwa wa Finland ambaye amehamia Marekani, na lau angetaka kukisoma kila kiraka katika wiki mbili hizo, angepata dakika mbili kwa kila kimoja, tena kwa sharti la kutolala, kutokula na kutosema na mtu. Ni dhahiri basi kwamba havisomi vyote, wala havisomi vilivyo vingi. Na hata hivyo, toleo linapokamilika, yeye ndiye alitiaye muhuri, na mashine zisizo na idadi hulipokea kwa kuutegemea muhuri huo. Je, muhuri huo wasema kweli?

Naamini kwamba wasema kweli, ila hausemi lile ambalo wengi hudhani unalisema.

Mwanzo wake haukuwa hivi. Mwaka 1991, Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa miaka ishirini na mmoja katika Chuo Kikuu cha Helsinki, kiini chake kilikuwa na mistari takriban 10,000, na hapana mstari mmoja ambao hakuujua. Watu walipoanza kumtumia viraka alivisoma kimoja kimoja, akavipima, mara nyingine akaviandika upya kwa mkono wake, na muhuri wake katika siku hizo ulikuwa ushahidi wa macho usio na shaka ndani yake. Lakini kazi iliongezeka kupita kiasi cha mtu mmoja, na kufikia mwaka 1998 manung'uniko yalikuwa yamezagaa: viraka vilitumwa havikujibiwa, vikatumwa tena vikapotea tena, na wenye kuvituma hawakujua kama wamekataliwa au wamesahauliwa, jambo ambalo kwa mtu aliyetoa nguvu zake bure linauma kuliko kukataliwa waziwazi. Mwanzoni mwa mwaka 2002 mchangiaji mmoja, Rob Landley, alitoa shauri hadharani kwamba ateuliwe mtu mmoja wa kuvikusanya na kuvipanga viraka kabla ya kumfikia Torvalds. Torvalds hakuliridhia shauri hilo. Majibu yake, kwa ufupi, yalikuwa kwamba yeye hufanya kazi na watu wachache anaowajua na kuwaamini, na kila mmoja wa hao ana watu wake anaowajua na kuwaamini, na kwamba mwenye kiraka hapaswi kuupiga mlango wake yeye, bali mlango wa yule mwenye dhamana ya sehemu ile.

Wako waliosema kuwa jibu hilo lilikuwa la kiburi. Mimi naliona kuwa ni jibu la mtu aliyeifahamu hali yake. Aliyeleta shauri alitaka kuongeza mikono; mjibuji alikuwa akisema kwamba lililopungua ni kujuana, na kwamba mtu mmoja wa katikati, hata akiwa hodari wa namna gani, angeelemewa na mzigo ule ule kabla ya miaka mingi kupita.

Katika Taurati, kitabu cha Kutoka, mlango wa 18, imo habari ya Musa akiwahukumu watu wake peke yake tangu asubuhi hata jioni, watu wamemzunguka wakingoja zamu zao, na mkwewe Yethro akimtazama na kumwambia kwamba njia hiyo itamchosha yeye na kuwachosha wao. Ndipo alipomshauri aweke wakuu wa elfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi, wahukumu mambo madogo, na yaliyo makubwa wayalete kwake. Wasomaji walio wengi hukitazama kisa hiki kwa jicho la raha: Musa alichoka, akapata wa kumsaidia, akapumzika. Lakini ukisoma kwa makini utaona kwamba kabla ya Yethro kutaja elfu na mia, alitaja kwanza sifa za watu, kuwa wawe na uwezo, wawe wacha Mungu, wawe wakweli, na wawe wenye kuchukia pato la haramu. Sifa nne zilitangulia, ndipo hesabu ikafuata. Na hapo ndipo ugumu wa kukabidhi unapoanza, kwa kuwa kuhukumu kesi ni jambo la siku moja, lakini kumjua mtu kuwa achukia pato la haramu ni jambo la miaka, wala hapana mtu awezaye kukufanyia kazi hiyo kwa niaba yako.

Katika kiini cha Linux, wakuu hao huitwa watunzaji, na kila mmoja ana sehemu yake: huyu ana mambo ya mtandao, yule ana kumbukumbu, wa tatu ana mifumo ya mafaili, mwingine sauti, mwingine aina moja tu ya kifaa ambacho pengine wewe na mimi hatutakiona maishani. David Miller alikuwa na dhamana ya mtandao kwa miaka mingi, Andrew Morton ya kumbukumbu, Greg Kroah-Hartman ya vifaa vya USB na ya matoleo ya kudumu. Majina yao na sehemu zao yameandikwa katika faili moja lililomo ndani ya msimbo wenyewe, ili mwenye kiraka ajue ni mlango gani wa kubisha. Kiraka humfikia mtunzaji wa sehemu ndogo, akakisoma, akakihoji, mara nyingi akakirudisha kwa marekebisho mara mbili tatu. Akikiridhia hukitia saini na kukipandisha kwa mtunzaji wa sehemu kubwa, naye akakipandisha kwa Torvalds pamoja na mamia ya wenzake. Tangu mwaka 2004, baada ya kampuni ya SCO kufungua mashtaka yaliyotia shaka asili ya msimbo, kila mtu ambaye kiraka kimepita mkononi mwake hana budi kuandika jina lake chini yake, akithibitisha kwamba ana haki ya kukitoa au kwamba amekipokea kutoka kwa mwenye haki hiyo. Na majina hayo hayachanganywi: aliyekiandika ana mstari wake, aliyekipitisha ana wake, aliyekikagua neno kwa neno ana wake, aliyekijaribu kwenye mashine yake ana wake, na aliyekiridhia tu kwa jumla pia ana wake, kila mmoja akishuhudia kile alichokifanya wala si zaidi.

Mwenye kusoma elimu ya Hadithi hawezi kuitazama orodha hiyo ya majina bila ya moyo wake kushtuka. Maulamaa wa Hadithi, na Bukhari aliyefariki mwaka 870 akiwa mbele yao, hawakuikubali habari kwa uzuri wake peke yake. Waliuliza ameisema nani, kutoka kwa nani, naye kutoka kwa nani, mpaka silsila ikafika kwenye asili yake, kisha wakamtazama kila mpokezi mmoja mmoja. Na walimtaka mpokezi awe na mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni uadilifu, kwamba ni mtu mkweli na mwenye dini asiyejulikana kwa uzushi. La pili ni udhabiti, kwamba akisikia anahifadhi, na akiandika hakosei. Mcha Mungu aliyekuwa na kumbukumbu dhaifu hawakumpokea, ijapokuwa walimheshimu na kumwombea dua. Na hafidhi hodari aliyejulikana kwa uongo hawakumpokea pia, ijapokuwa elimu yake iliwazidi wengi. Ujasiri wa kumheshimu mtu na papo hapo kuikataa habari yake ni fadhila adimu sana, na mtunzaji wa msimbo huihitaji kila siku, kwa sababu aletaye kiraka kibovu mara nyingi ni rafiki, ni mtu mwema, na ametumia usiku wake mwingi katika kukiandika.

Basi muhuri wa Torvalds wasema nini? Hausemi kwamba ameisoma mistari yote, na aliyedhani hivyo amemdhania asilolidai. Wasema kwamba yaliyomo ameyapokea kutoka kwa watu hawa, na watu hawa anawajua. Ni ushahidi juu ya ushahidi kwa masharti yake: shahidi wa asili ametajwa kwa jina, amejileta mwenyewe, na uadilifu wake umejulikana kwa kazi ya miaka. Baada ya wavamizi kuingia katika mashine za kernel.org, tovuti ambamo msimbo wa kiini huhifadhiwa, mwaka 2011, watunzaji walikutana Prague katika mwezi wa Oktoba wa mwaka huo huo, na wakathibitishiana funguo zao za saini uso kwa uso, ili kila furushi la viraka liweze kutiwa saini isiyoghushika. Nimelipenda jambo hilo tangu nilipolijua. Watu waliozoea kujuana kwa maandishi tu walitambua kuwa mwisho wa yote hapana budi mtu mmoja amtazame mwenziwe na aseme, naam, ndiye.

Lakini ikiwa yeye anawashuhudia watu, na watu ndio wanaoushuhudia msimbo, kosa likitokea ni la nani? Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu kilichosomeshwa katika darsa za pwani yetu kwa vizazi, anaeleza katika mlango wa uwakala kwamba wakili hana ruhusa ya kuweka wakili mwingine bila ya idhini ikiwa kazi anaimudu mwenyewe. Ila ikiwa haiwezi, au ni nyingi kupita uwezo wake, anaruhusiwa kukabidhi ile inayozidi. Na mkono wa wakili ni mkono wa amana, hadaiwi fidia ila akifanya taksiri au akivuka mpaka. Hukumu hiyo ni ya haki na ya huruma, nami naiona kuwa yawafaa watunzaji wa msimbo barabara: aliyekagua kwa uangalifu wa kawaida, kisha kasoro ikampita, hana lawama. Ila swali la fidia ni dogo kuliko swali la dhamira. Husimuliwa kwamba Umar bin Khattab aliwauliza watu kama atakuwa ameutimiza wajibu wake iwapo atamteua aliye bora anayemjua na kumwamuru uadilifu, wakamjibu kuwa ndiyo, naye akakataa, akasema kuwa hawezi kuwa ameutimiza mpaka aitazame kazi yake aone kama amefanya alivyoamriwa. Na kweli alikuwa akiwatuma wakaguzi, na kuhesabu mali za magavana wake kabla hawajaenda kwenye nchi walizokabidhiwa.

Hapa wengi hupotea. Hudhani kwamba dhamana ni mfano wa mali ya marehemu, kwamba warithi wakizidi fungu la kila mmoja hupungua, hata ikiwa wako mia hapana anayepata kitu cha kumlemea. Dhamana haigawanyiki kwa faraidhi. Mtunzaji wa sehemu anaulizwa juu ya sehemu yake yote. Aliye juu yake anaulizwa yote hayo na zaidi ya hayo jinsi alivyomchagua. Na wa juu kabisa anaulizwa juu ya kuchagua, na juu ya kusimamia, na juu ya kunyamaza palipopasa kusema. Aliyekabidhi hakupunguziwa mzigo. Amepewa mwingine ambao pengine ni mgumu zaidi, maana msimbo una jawabu, ama wafanya kazi ama haufanyi, na mwanadamu hana jawabu la namna hiyo.

Mwaka 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walituma kwa majina ya bandia viraka vichache vilivyotiwa kasoro kwa makusudi, wakitaka kuonyesha kwamba hila ya namna hiyo yawezekana. Viraka vyenye kasoro ya kukusudia havikuingia katika kiini. Lakini habari ilipoenea mwezi wa Aprili 2021, Greg Kroah-Hartman alitangaza kuwa michango ya chuo kile isipokewe, na mamia ya viraka vya zamani kutoka huko, vikiwamo vilivyoandikwa na watu wasiohusika kabisa na jambo hilo, vikarudiwa kukaguliwa upya kimoja kimoja; vingi vikaonekana ni salama. Wako waliosema kuwa adhabu ilikuwa ya dhuluma, kwa kuwa hapana nafsi ibebayo mzigo wa nyingine, na kwa yule mwanafunzi aliyekuwa ametuma kazi safi nakubali kwamba alionewa. Walakini nikiwatazama waliolazimika kuacha kazi zao ili wasome upya mamia ya viraka ambavyo jana walikuwa na haki ya kuviamini, naelewa ghadhabu yao. Wale wahadaaji hawakuuharibu msimbo. Waliiharibu dhana njema, na dhana njema ndiyo iliyokuwa ikiwawezesha watu wachache kuifanya kazi ya watu elfu.

Habari ya mwaka 2024 ni nzito kuliko hiyo. Ipo programu ya kubana mafaili iitwayo xz, ambayo si sehemu ya kiini cha Linux lakini hufuatana nacho karibu kila kinapokwenda. Ilikuwa na mtunzaji mmoja, mwenye kujitolea, ambaye alikwisha kusema hadharani kwamba nguvu zake zimepungua na afya yake si njema. Tangu mwaka 2021 alijitokeza mtu aliyejiita Jia Tan, akatuma viraka vizuri, akawa mpole, akajibu kwa adabu. Na wakati huo huo majina yasiyojulikana yalikuwa yakimwandikia mtunzaji kwa ukali, yakimlaumu kuwa kazi inakwenda polepole na kumtaka ampe mwingine madaraka. Akampa. Mwanzoni mwa mwaka 2024 huyo aliyekabidhiwa akauficha ndani ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1 mlango wa siri ambao ungempa mwenyewe njia ya kuingia katika mashine za watu, tena akausambaza kwa ustadi, baadhi ndani ya mafaili ya majaribio na baadhi ndani ya furushi la kutolea tu, ambalo wachache hulifungua na kulilinganisha na msimbo ulio wazi.

Tazama sasa ilivyokuwa. Silsila ilikuwa timamu. Kila jina lilikuwa mahali pake, na mpokezi alikuwa amejionyesha kuwa mwadilifu na dhabiti kwa zaidi ya miaka miwili. Kama tungesimama kwenye majina peke yake, tungeipokea habari ile kwa mikono miwili, na ndivyo baadhi ya wasambazaji walivyokuwa wamekwisha kuanza kufanya. Aliyeufichua mlango huo ni Andres Freund, mtaalamu wa hifadhidata, ambaye hakuwa na dhamana yoyote juu ya xz. Aliona tu kwamba kuingia katika mashine yake kumechelewa kwa nusu sekunde hivi, akakataa kulipuuza jambo hilo dogo, akalifuata hadi kwenye mzizi wake. Na maulamaa wa Hadithi walilijua jambo hili pia, kwa maana hawakukomea kwenye silsila. Waliitazama na matini, na walikuwa na elimu yenye kina waliyoiita elimu ya ila, inayoshughulika na kasoro iliyofichika ndani ya habari ambayo kwa nje haina dosari. Na walisema kwamba hawaijui elimu hiyo ila wachache waliozizoea habari sahihi mpaka isiyo sahihi huwakwaruza kabla hawajaweza kueleza kwa nini. Ukabidhi usioacha nafasi kwa mtu kama Freund, asiye na cheo wala idhini ya mtu, kuitazama matini na kupaza sauti yake, ni ukabidhi wenye jicho moja.

Na pia nasikitika kwa ajili ya yule mtunzaji aliyechoka. Watu humtaja katika kisa hiki kana kwamba udhaifu ulikuwa wake, hali udhaifu ulikuwa wetu sote tuliokuwa tukiitumia kazi yake bure na kumwacha peke yake nayo. Sheria yetu ina mlango wa fardhi ya kifaya: maiti akioshwa na kuzikwa na baadhi ya watu, waliobaki wamesamehewa, asipozikwa na yeyote, wote wana dhambi. Kukagua msimbo wa wazi ni fardhi ya namna hiyo. Huvumishwa kwamba macho yakiwa mengi kila kasoro itaonekana, nami nasema kwamba macho mengi huweza kuwa mengi kwa kuhesabu tu, kila moja likidhani jingine limetazama. Ile kasoro ya OpenSSL, programu ya kulinda siri za mawasiliano ya mtandao, iliyokuja kuitwa Heartbleed ilikaguliwa kabla ya kupokewa, ikatoka katika toleo la mwezi wa Machi 2012, ikakaa wazi mbele ya ulimwengu mzima hadi Aprili 2014. Hapana aliyeificha. Kila mtu alikuwa na haki ya kuisoma, na kila mtu aliamini kwamba imekwisha kusomwa.

Kwa hiyo mwenye kukabidhi ana wajibu kwa aliyemkabidhi, na wajibu huo husahauliwa upesi kuliko mwingine wowote. Wa kwanza ni kumwachia haki ya kusema la. Mtunzaji asiyeweza kukataa kiraka, ama kwa kuogopa wakubwa wa kampuni inayomlipa, ama kwa kuogopa kelele za wanaongoja, si mtunzaji tena, na saini yake haina thamani ya ushahidi, kwa kuwa ushahidi wa aliyelazimishwa hauhesabiki. Wa pili ni staha. Torvalds kwa miaka mingi aliwakemea watunzaji wake kwa maneno makali mno, akiamini kuwa ukali ndio unaolinda kazi. Mwezi wa Septemba 2018 aliomba radhi hadharani, akajiweka kando kwa muda, na Kroah-Hartman akalikamilisha toleo la 4.19 mahali pake. Likatoka mwezi uliofuata bila ya tatizo. Nampa heshima kwa radhi ile zaidi kuliko kwa programu aliyoiandika, kwa sababu aliyezoea kutiiwa huona taabu kujirekebisha mbele ya wanaomtii, na kwa sababu toleo lile lilionyesha kwamba watu aliowaamini walikuwa wanastahili kuaminiwa hata yeye asipokuwapo. Wa tatu ni kumtazama asije akawa peke yake. Katika sehemu nyingi za kiini, dhamana siku hizi hupewa watu wawili au kikundi, ili mmoja akiugua, au akifiwa, au akitaka tu kukaa na watoto wake, kazi isimngoje kitandani.

Liko jambo moja ambalo Torvalds hakulikabidhi hata leo. Hutokea kwamba watunzaji wawili, kila mmoja katika sehemu yake na kwa nia njema, wameugusa msimbo mmoja kwa njia mbili zisizopatana, na kazi zao zinapokutana kwake hugongana. Ingekuwa rahisi kwao kusuluhishana mapema na kumpelekea kitu kilichokwisha kunyooshwa, naye amewaomba wasifanye hivyo. Wamjulishe tu kwamba mgongano upo, wakipenda wamwonyeshe jinsi wao wangeutatua, kisha wamwachie autatue mwenyewe, kwa kuwa ni katika migongano hiyo anapopata kuijua hali halisi ya kazi nzima kuliko anavyoweza kuijua kwa ripoti ya mtu yeyote. Katika maelfu ya viraka vya kila toleo, mistari hiyo huisoma neno kwa neno, huipima, huamua upande upi ubaki na upi uondoke, na akikosea hapo kosa ni lake tupu, hana wakili wa kumwelekezea.